Mwaka Kaka Alipogawa Ng'ombe wa Babu

Babu alipofariki, kaka yangu alikuja Mbulu kutoka chuo kikuu anakofundisha historia. Mimi nilikuwa nyumbani na mama, nikilima vitunguu swaumu na maharage. Baada ya mazishi, ukoo ulimwachia kaka, mjukuu mkubwa wa kiume, aamue juu ya ng'ombe wa babu waliokuwa nje.

Kwetu, mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizini kwake. Wengine aliwapeleka kwa watu wasio na kitu. Wao walikamua maziwa na kutumia samadi shambani, lakini ng'ombe na ndama wake walibaki mali ya mwenyewe. Ng'ombe akifa, walileta ngozi mwenyewe aione, na kwa kawaida walipewa mwingine. Hivyo ndivyo maskini wa kijiji chetu walivyoishi, tangu enzi ambazo hakuna msaada mwingine uliofika huku.

Kaka alikuwa amesoma kwa miaka mingi habari za wasomi wa Ulaya ya zamani waliopinga parokia kuwalisha maskini. Jioni moja, tukila makande, alitusimulia.

"Wengi walisema mtu akilishwa bure atakuwa mvivu," alisema. "Hapo walikosea. Lakini wako waliouliza swali jingine: anayetoa naye anapata nini?"

"Babu yako alipata nini?" mama alimuuliza, kidogo kwa hasira.

"Mama, nani alikuwa anapalilia shamba la babu? Na nani kati yao aliwahi kumpinga kwenye mkutano wa kijiji?"

Sote tulimfikiria jirani yetu, mjane wa ng'ambo ya korongo aliyekuwa na ng'ombe mmoja wa babu. Shamba lake lilikuwa linasubiri mpaka la babu liishe, na mara nyingi magugu yalimtangulia. Alimwamkia babu shikamoo, ingawa walilingana umri.

Wiki ile kaka alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba ng'ombe waliokuwa nao sasa ni wao. Wazee wa ukoo walinung'unika, lakini hakuna aliyeweza kubishana naye. Kwa jirani yetu nilimsindikiza.

"Wa kwangu? Kabisa?" mama yule aliuliza.

"Kabisa, mama. Na usije tena kulima kwetu."

Alicheka, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nilimpenda sana kaka yangu siku ile.

Msimu uliofuata hatukumwona shambani kwetu. Tulimwona kanisani tu, tukasalimiana vizuri, kila mtu akashika njia yake. Mwaka wa pili mvua ilikuwa haba, kisha ndigana, ugonjwa wa ng'ombe uletwao na kupe, ikaingia kijijini. Asubuhi moja jirani yetu alikuja na ngozi imekunjwa kichwani. Aliitua mlangoni petu, akaifungua mama aione, kama alivyokuwa akifanya enzi za babu.

Mama aliitazama, akanitazama. Zizini kwetu walibaki wawili, wote wa kaka. "Mpigie kaka yako," aliniambia.

Nilisogea nyuma ya nyumba na simu. Nilimweleza kaka habari ya ngozi.

"Alikuwa ng'ombe wake," alisema. "Tukimpa mwingine, tunarudi kule kule."

"Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie pole."

Nilimwambia pole. "Asante, mwanangu," alijibu, akaikunja ngozi upya na kuondoka. Mvua zilipoanza, alikuwa ameshahamia kwa binti yake Masakta, kule Hanang. Mabati ya nyumba yake yalikuwa yameshang'olewa.

Kaka alipokuja Krismasi, alisimama ukingoni mwa korongo akiangalia kuta zile bila paa. Kesho yake alisema twende Masakta. Tulimkuta mama yule uani anapukuchua mahindi. Alifurahi kutuona, akatuletea vigoda, akatuuliza mama yetu anaendeleaje na magoti.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi," kaka alisema.

"Kwa lipi?"

"Kwa kukuachia ng'ombe ukabaki peke yako."

Alitikisa kichwa. "Ule mwaka wa kwanza nililima kwangu kwa wakati. Mahindi yalifika hapa." Aliinua mkono juu ya kichwa chake. "Kwa mwaka ule usiniombe radhi."

"Na siku ile ya ngozi?"

Alipukuchua hindi zima kabla ya kujibu. "Siku ile nilitaka uje mwenyewe. Hata kama ungekuja mikono mitupu."

Kaka aliinamisha uso. Baadaye aliomba amletee mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mama yule alikataa kwa upole, akisema kwa binti yake hakuna malisho, ni mashamba tu mpaka barabarani.

Kwenye basi la kurudi, kaka alikaa dirishani akiangalia mashamba. Kisha akasema, "Unajua, sikufikiria kabisa kwamba ng'ombe angeweza kufa."

Siku hizi hapa kijijini hakuna anayepeleka ng'ombe kwa jirani. Wenye ng'ombe wanasema zama hizo zimepita, kila mtu ajitegemee, na wengine humtaja kaka yangu msomi kama shahidi wao. Yeye anachukia kusikia hivyo. Hakuwa amesema kila mtu abaki peke yake, lakini ndicho walichosikia. Ng'ambo ya korongo, mbuzi wetu wanakula majani ndani ya zile kuta.