Kwangu Inawaka, kwa Dada Haiwaki

Gari lilikuwa la mama, ingawa mama hajawahi kushika usukani maishani mwake. Kaka yetu, anayefanya kazi Mwanza, alilinunua baada ya baba kufariki, akalileta mpaka Morogoro, akatupa mimi na dada ufunguo. "Gari ni la mama," alisema. "Nyinyi ni madereva tu." Kisha akapanda basi akarudi kwake.

Mama anaishi juu Mgeta, katika nyumba aliyotulelea, akilima kabichi na njegere kwenye matuta ya mlimani, na hana nia ya kuhamia mjini. Dada ni muuguzi, anaishi Mafiga. Mimi nina duka la fotokopi Mzumbe, nachapa na kujalidi kazi za wanafunzi. Tulikubaliana gari likae wiki moja kwake na wiki moja kwangu. Kwa kuwa njia ya kwenda kwa mama inachepuka karibu na kwangu, safari za mlimani zikawa zangu: kumpelekea mbolea, kumshusha kliniki ya macho, kumrudisha. Dada alilitumia mjini kwenda na kurudi zamu.

Taa iliwaka mara ya kwanza nilipokuwa napanda kumchukua mama, kwenye zile kona za juu ambako gari linang'ang'ania gia ndogo kwa muda mrefu. Ilikuwa taa ya njano yenye umbo la injini. Gari lenyewe lilikwenda kama kawaida, ila lilisita kidogo nilipokanyaga mafuta. Sikusimama. Pale ukisimama, nyuma yako lazima kutakuwa na fuso la kabichi, na dereva wake hatakuuliza una shida gani.

Jumamosi ilipofika nilimkabidhi dada ufunguo kituo cha mafuta, kama tulivyozoea. Aliwasha, akaiona taa, akateremsha kioo.

"Umelifanya nini gari?"

"Sijalifanya kitu. Iliwaka yenyewe mlimani."

"Taa haiwaki bure, mdogo wangu. Unalikanyaga sana."

Aliondoka. Jumamosi iliyofuata alinirudishia gari taa ikiwa imezimika. Nilimuuliza amelipeleka kwa fundi gani. Akasema hakulipeleka popote, ilizimika yenyewe, kwa sababu yeye anaendesha kwa adabu.

Mambo yakawa hivyo kwa miezi kadhaa. Kwangu inawaka, kwa dada haiwaki. Nikipanda kwa mama, taa hiyo. Dada akikaa nalo mjini siku chache, taa imekufa. Nilianza kuipiga picha kwa simu na kumtumia, nikihakikisha barabara inaonekana nyuma ya usukani. Yeye akawa ananitumia picha za dashibodi isiyo na taa, bila neno lolote. Hatukutumiana kitu kingine. Ukiyafungua mazungumzo yetu ya kipindi kile utadhani ni ya watu wawili wanaouziana dashibodi.

Nilisikia kwa mteja mmoja kwamba ukichomoa waya wa betri, taa inafutika. Nikaamini ndicho anachofanya dada. Waya ukichomolewa saa ya gari inarudi mwanzo, kwa hiyo Jumamosi nilipopokea gari nilitazama saa. Ilikuwa sahihi. Nikajiambia, basi anachomoa na kuirekebisha saa. Mtu akishaamua kumshuku mwenzake hata ushahidi wa kumsafisha anaugeuza.

Fundi tuliyempata alikuwa na gereji upande wa Mafiga, mtu wa makamo, mtaratibu, aliyezaliwa na kukulia Turiani kwenye mashamba ya miwa. Mara ya kwanza nililipeleka mimi. Alichomeka mashine yake chini ya usukani, akasubiri, akasoma namba iliyotokea. Akasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, na inawezekana kile kipimo cha hewa kimechafuka. Akakisafisha, akaifuta taa. Nikapanda kwa mama, ikawaka. Mara ya pili dada ndiye aliyelipeleka, taa ikiwa imezimika, akamwambia fundi kwamba gari halina tatizo ila mdogo wake ana mguu mzito. Fundi akabadilisha plagi kwa sababu zilikuwa zimechakaa. Nikapanda, ikawaka.

Nilimpigia fundi nikiwa nimekasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekosea mara mbili, nakubali," alisema. "Lakini na nyinyi mnaniletea magari mawili. Wewe unaleta gari bovu, dada yako analeta gari zima. Nataka nikae ndani, muendeshe wote wawili, nione mwenyewe."

Ilibidi tusubiri siku ambayo dada hana zamu. Tulikutana gereji asubuhi, tukasalimiana kama watu waliokutana foleni ya benki. Fundi alichomeka kifaa kidogo kinachopeleka namba kwenye simu yake, akakaa kiti cha mbele. Akamwambia dada ashike usukani. Mimi nikakaa nyuma.

Kutoka mjini mpaka Mzumbe hakukuwa na kitu. Barabara ni tambarare na dada kweli anaendesha kwa adabu, anawasha indiketa hata pasipo na mtu. Fundi alitazama simu na kusema namba ziko sawa. Tulipoiacha lami na kuanza kuelekea mlimani, nilidhani watanipa mimi usukani. Dada mwenyewe alipunguza mwendo akasubiri.

"Endelea wewe," fundi akamwambia. "Huyu tunajua kwake inawaka."

"Mimi sijawahi kupandisha gari huku," dada alisema.

"Ndiyo vizuri."

Akaendelea. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, mabega yakiwa juu. Kadiri tulivyopanda ndivyo bonde lilivyozidi kufunguka upande wa kushoto, na ndivyo fundi alivyozidi kuinamia simu yake. Baadaye nilielewa kwamba haikuwa bidii ya kazi. Mtu wa Turiani amezoea barabara iliyonyooka katikati ya miwa, na hakutaka kutazama chini. Lakini kusoma simu kwenye kona nako kulimwingia tumboni. Akaomba tusimame mahali penye nafasi, akashuka, akatapika kwa heshima nyuma ya gari, akarudi, akafunga mkanda.

"Twende," alisema.

Taa iliwaka kona mbili tatu mbele yake, kwenye mpando ule ule. Dada alikuwa na mwendo wa kusindikiza jeneza, mguu wake mwepesi kabisa. Ikawaka.

"Imewaka," fundi alisema.

 Niliona macho ya dada kwenye kioo cha ndani, yakinitafuta, kisha yakarudi barabarani. Nilikuwa nimeisubiri dakika hiyo kwa miezi, nimeiandalia hata maneno. Ilipofika sikuwa na hamu nayo. Nilitazama mashamba ya karoti yakipita.

Kwa kuwa tulikuwa tumekaribia kwa mama kuliko mjini, tuliona tufike, fundi alifungue gari likiwa mahali pa wazi. Hatukumpigia simu mama. Haikutujia kichwani.

Alikuwa shambani, tuta la pili chini ya barabara, anapalilia njegere. Alilisikia gari akainua kichwa, akatabasamu, akijua ni mimi. Kisha mlango wa dereva ukafunguka akashuka dada. Nikashuka mimi. Mwisho akashuka mwanamume asiyemjua, uso umempauka. Mama aliliweka jembe chini polepole, akakaa kwenye ukingo wa tuta.

"Ni nani?" aliuliza.

Nilidhani anamuulizia mgeni. "Ni fundi, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. "Nani amefariki? Ni kaka yenu?"

Ndipo nilipoelewa. Mara ya mwisho mimi na dada kufika kwa mama pamoja ilikuwa siku ile tuliyokuja kumwambia kwamba baba hakuamka hospitalini. Na siku ile pia tulikuwa na mwanamume mgeni, dereva wa gari la kukodi, aliyesimama pembeni bila kujua aweke wapi mikono yake. Tangu hapo alikuwa akituona mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake.

Dada alishuka matuta mbio, na viatu vyake vya mjini, akapiga magoti kwenye udongo mbele ya mama.

"Hakuna aliyefariki, mama. Ni taa ya gari."

"Taa ya gari?"

"Taa tu. Tumeleta fundi aiangalie."

Mama akasema kitu kwa Kiluguru ambacho sikukisikia vizuri, akajifanyia ishara ya msalaba, lakini hakuinuka. Alitaka kuisikia sauti ya kaka. Dada akapiga. Kaka alipokea akinong'ona, inaonekana alikuwa kikaoni, na mama akamuuliza, "Umekula?" Akasema amekula. "Umekula nini?" Akataja wali na maharage. Mama akarudisha simu, akanyoosha mkono, tukamwinua, mmoja kila upande.

Alipomkaribia fundi alimpokea kama hakuna kilichotokea. "Shikamoo mama," fundi alisema. "Marahaba, baba. Pole na safari. Mbona umepauka?" Fundi akakiri kwamba kona zimemshinda. Mama akaingia jikoni kumchemshia chai ya mchaichai.

Gari tuliliegesha uani. Fundi alifungua boneti, akaniomba nikae ndani, nikanyage breki kwa nguvu, niingize gia na kukanyaga mafuta kidogo kidogo, gari lisiondoke. Dada alisimama kando yake. Niliona boneti tu, lakini nilisikia fundi akisema "ongeza," kisha "ongeza tena," kisha "basi, basi, shikilia hapo." Kisha dada akasema, "Aa."

Nilizima injini nikaenda kuona. Kuna mpira mweusi, mnene, wenye mikunjo kama ya kinanda cha mkononi, unaopitisha hewa kuingia kwenye injini. Fundi aliukunja kwa vidole, na katikati ya mikunjo miwili ukafunguka mpasuko ambao usingeuona mpira ukiwa umetulia. Akatueleza kwamba hata vile vishikizo vya mpira vinavyoibana injini vimechoka. Gari likipanda mlima kwa gia ndogo, injini inainama, inauvuta mpira, mpasuko unafunguka, hewa isiyopimwa inaingia. Likirudi tambarare, injini inakaa wima, mpasuko unafumba, na gari likitembea siku chache bila kuona kosa linaizima taa lenyewe.

"Kwa hiyo hakuna aliyeliharibu," dada alisema.

"Limezeeka tu. Nami nilipaswa kuukunja huu mpira tangu siku ya kwanza."

Mama alikuwa ameleta chai na kusimama nyuma yetu. Alichungulia ndani ya boneti muda mrefu, kama mtu anayechungulia kisima.

"Hiki ndicho mlichokuwa mkigombania?"

"Hatukugombana, mama," dada alisema.

"Haya," mama alisema, akampa fundi kikombe.

Fundi aliuzungushia mpira ule ukanda wa tyubu ya baiskeli uliokuwa umefungia mlango wa banda la kuku, akaukaza kwa waya, akasema utatufikisha mjini. Tulikula viazi na njegere. Yeye alikula kidogo sana, akitazama barabara ya kushukia.

Wakati wa kushuka niliendesha mimi. Fundi alilala mbele, au alifumba macho. Dada alikaa nyuma katikati, mkono mmoja juu ya kiti changu, gunia la kabichi pembeni yake.  Kisha akauliza:

"Ukienda kumchukua mama, mpaka huku juu unakuja peke yako?"

"Ndiyo."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha sana nasubiri. Ikiwa ya kawaida napita tu."

Lilipita lori, tukajibana upande wa mlima. Alisubiri lipite.

"Hukuwahi kusema."

"Hukuwahi kuuliza," nilisema, na nilisema bila ubaya, nadhani naye aliisikia bila ubaya.

Mpira mpya uliletwa kwa basi kutoka Dar, fundi akaufunga pamoja na vishikizo vipya vya injini. Taa haijawaka tena kwa sababu hiyo. Mimi na dada hatukukaa kuzungumzia zile picha. Mwezi uliofuata, katika wiki yake, alinitumia ujumbe kwamba kliniki ya mama atampeleka yeye, nisijisumbue.

Siku hiyo mchana mama alinipigia simu. Nilikuwa dukani, mashine inatoa kurasa za mwanafunzi aliyesimama mbele yangu akihesabu kwa macho. Mama alisema wamefika mjini salama, daktari amesema macho hayajaongezeka ubaya, wako nyumbani Mafiga, atalala huko.

"Ila dada yako," alisema akishusha sauti, "anaendesha kama amebeba mayai. Tumepitwa na watu wa miguu."

Nyuma yake nilimsikia dada akiuliza anaongea na nani. Mama akamwambia ni jirani. Nikamuaga, nikaongeza karatasi kwenye mashine.