Nyuzi Joto Mia Mbili na Kumi

Kiko nilianza kukivuta nikiwa mke mpya kule kijijini Daa, na aliyenifundisha ni mama mkwe wangu. Kwa hiyo mwenye lawama ni yeye, na yeye tulishamzika. Tumbaku tunaotesha wenyewe nyuma ya zizi, penye samadi. Majani unayaning'iniza juu ya moto wa jikoni mpaka yawe rangi ya ngozi kavu, unayasokota, unayafungia kwenye pindo la kanga. Nimevuta nikipalilia, nikichunga, nikisubiri mvua na nikiikasirikia ikija nyingi. Shule niliiacha mapema. Kusoma nasoma kwa kidole, lakini namba nazijua vizuri, hilo nataka lieleweke kabla sijafika mbele.

Mjukuu wangu ni dereva wa wageni. Anawachukua kwenye loji hapa Karatu asubuhi, anawashusha kreta, kwenye lile bonde la wanyama, wakaone simba, jioni anawarudisha wakiwa wekundu kwa vumbi na kwa jua. Mimi namwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake, na mkewe namwita mke mwenzangu. Mke mwenzangu alipojifungua mtoto wao wa kwanza, wa kiume, nilifunga mzigo wangu nikateremka mjini kufanya kazi yangu.

Kazi yangu ni majina. Kwetu mtoto hapewi jina kabla hajatafutwa. Bibi aliye mkubwa kuliko wote humpakata mlangoni, jua likishapanda kidogo na ukungu ukishaondoka, akaanza kuwaita waliotangulia, mmoja mmoja, polepole. Mtoto akipiga chafya au akicheka kwenye jina fulani, basi ni lake. Wakongwe wenzangu siku hizi wanataja watano au sita halafu wanakwama. Mimi hayanipotei. Nawajua wa ukoo wetu wote, hata waliokufa kabla ya kuota meno. Humu sitaandika hata jina moja, maana jina la marehemu kwetu linaitwa kwa mdomo na kwa sababu, haliachwi kwenye karatasi kila mtu akalishikashika.

Nilifika nikanyoosha mikono. Mke mwenzangu akarudi nyuma hatua moja, mtoto kifuani.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu. Niletee mume wetu mdogo."

"Bibi, usinikasirikie. Kliniki wamesema mtoto asishikwe na mtu anayenuka moshi. Kifua chake bado kichanga."

"Mimi nanuka moshi?"

"Bibi, ulipokuwa bado uko getini nimekusikia."

Sikukasirika. Nilikasirika kidogo. Nikamwambia watoto wangu wote nimewalea na kiko mdomoni. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba huyu si mtoto wangu, ni wa kwake. Halafu akaongeza habari iliyonitoa jasho: Jumapili mama yake anakuja kutoka Arusha, na kama mimi sitakuwa tayari, mama yake ndiye atakayempakata, tena jina analo tayari. Amelitoa kwenye tamthilia ya kwenye televisheni.

Mjukuu wangu alipoona nimenuna, akajifanya msuluhishi. Kesho yake asubuhi akaniletea kidude cheusi, kizito kama jiwe la kunolea kisu. "Bibi, hii ni vepu, sigara ya umeme. Hakuna moto, hakuna majivu, hakuna harufu mbaya. Unabonyeza hapa, unavuta taratibu. Na hii si ya ovyo, ina joto la kupanga." Akakipangia joto, akanionyesha kioo chake kidogo cha namba, akakimbia. Wageni walikuwa wanamsubiri.

Nikakaa nyuma ya nyumba na rafiki yangu wa Daa, aliyekuja na ulezi wa uji wa mzazi. Tumevuta kiko kimoja tangu tukiwa wasichana wa kuolewa, huyu na mimi. Nikabonyeza, nikavuta. Ikaja ladha ya embe, lakini embe la kusimuliwa na mtu aliyeliona kwa mbali.

"Tumbaku iko wapi humo?" akauliza mwenzangu.

"Subiri, labda inakuja nyuma."

Ndipo nikatazama kioo. Mia mbili na kumi. Na pembeni ya namba, kile kiduara kidogo cha juu na ile herufi yake. Alama hiyo naijua. Ipo kwenye kipimo wanachowekea watoto kwapani pale zahanati. Thelathini na tisa muuguzi anakunja uso. Arobaini anaita wenzake. Na mimi nilikuwa nimeweka kipimo mdomoni, kikasoma mia mbili na kumi.

"Mwenzangu," nikasema, "mimi ni mgonjwa sana."

"Tangu lini?"

"Sijui. Vuta na wewe tuone."

Akavuta. Mia mbili na kumi.

"Uwii! Hata wewe!"

"Lakini mimi sisikii joto," akasema. "Nasikia baridi."

"Ndiyo homa yenyewe hiyo! Homa kali si inaanza na baridi?"

Akakubali. Asubuhi ya Karatu kila mtu anasikia baridi, lakini hilo halikutujia. Tukatandika mkeka, tukalala ubavu kwa ubavu, kanga mpaka kidevuni. Mara kwa mara tukavuta tena kuangalia kama inashuka. Haikushuka hata kidogo. Nikapaza sauti dirishani.

"Mke mwenzangu! Usitoke na mtoto! Tuna ugonjwa wa kuambukiza!"

Akachungulia. "Ugonjwa gani, Bibi?"

"Bado hauna jina, lakini ni wa mia mbili na kumi."

Maskini akaogopa kweli, akampigia mumewe, akaweka simu dirishani kwa sauti kubwa. Mjukuu wangu alikuwa getini pale kreta na wageni wake.

"Mume wangu," nikamwambia, "mimi nakufa, na huyu mwenzangu ananifuata. Ng'ombe yule mwekundu apewe dada yako."

"Bibi! Nini tena?"

"Joto limefika mia mbili na kumi."

Nikasikia mtu anacheka mpaka anakohoa. "Bibi, hilo ni joto la waya!"

"Waya upi? Mimi sina waya."

"Waya wa ndani ya vepu, Bibi! Haikupimi wewe!"

Akawatafsiria wageni hapo hapo, nikawasikia nao wanapasuka. Mwenzangu akainuka, akakung'uta kanga yake. "Mimi nilisema tangu mwanzo sisikii joto," akasema. Huyo ni mtu wa namna hiyo.

Jioni mjukuu wangu akarudi na dereva mwenzake, kijana mnene mwenye miwani ya jua ambayo haivui hata ndani ya nyumba. Huyu naye anavuta vepu, ila yake ni ya kawaida. Wakaanza kubishana mbele yangu kama wazee wa baraza.

"Joto la kupanga ni mbwembwe," akasema yule wa miwani. "Wanakuuzia namba. Mimi nabonyeza, inawaka, navuta, basi."

"Na pamba ikikauka je?" akauliza mjukuu wangu. "Bibi, sikiliza. Ndani mna waya, na waya umezungushiwa pamba, na pamba inanyonya maji yale ya embe. Waya ukipata moto, maji yanakuwa mvuke. Maji yakiisha, waya unazidi tu kuwaka, unaunguza pamba. Hii yenye joto la kupanga ikifika pale ulipoiambia, inajizuia yenyewe."

"Na kila waya unajua kujizuia?" nikauliza.

"Hapana. Lazima uwe waya wa aina yake, na uiambie ni aina gani, la sivyo inakudanganya. Mwanzoni inasumbua."

"Umeona?" akasema wa miwani. "Mtu anataka kuvuta, siyo kufanya mtihani. Lete nikuonyeshe, Bibi." Akabonyezabonyeza, akaliondoa joto la kupanga, akaacha waya uwake utakavyo. "Sasa vuta kwa nguvu, kama kiko chako."

Nikavuta kama kiko changu. Lakini mimi na mwenzangu tulikuwa tumeshinda tunapima homa, na kitangi cha maji ya embe kilikuwa karibu kitupu. Nilichokivuta siwezi kukisahau. Ni kama mtu amechoma blanketi la zamani, blanketi lenyewe alilolalia mbuzi, halafu akanilisha kwa kijiko. Nilikohoa mpaka kilemba kikaanguka. Mwenzangu akanipiga mgongoni kwa furaha zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Mmeona!" Mjukuu wangu akaruka. "Mmeona faida yake!"

Mlango ukafunguliwa. Mke mwenzangu akasimama, mtoto kamfunika kanga, pua juu. "Nini kinaungua?"

"Pamba," tukajibu wote.

Akatuzunguka, akanusa mmoja mmoja. Aliponifikia mimi akasimama zaidi. "Pamba na embe."

"Ni mvuke tu, mke mwenzangu," nikasema. "Una joto la kupangwa."

"Bibi, nimewauliza kliniki leo kwa simu. Wamesema hata huo wa embe mtoto hautaki. Hawakusema nyuzi ngapi." Akamgeukia mumewe. "Na wewe unashangilia faida. Faida ya nani? Jumapili ni keshokutwa."

Akaingia ndani. Yule wa miwani akakumbuka ana safari ya mapema.

Nikakaa pale nikifikiri. Mtu akiniuliza leo kama joto la kupanga lina maana, nitamjibu kwa haki: lina maana. Kiko unakipangia joto kwa dole gumba, unaziba kidogo, unavuta polepole, ukiwa na haraka kinakuunguza ulimi. Kile kidude hakina dole gumba, lazima kiwe na akili badala yake. Kama mtu ameamua kuvuta hicho, anunue chenye kujizuia, ajifunze waya wake, asije akala blanketi. Wa miwani alishindwa, na mjukuu wangu alishinda. Ila wote wawili walikuwa wanajibu swali ambalo mimi sikuwa nalo. Mimi nilikuwa nataka kumpakata mtoto.

Nikamrudishia mume wangu kidude chake. Kiko na tumbaku nikamkabidhi mwenzangu, nikamwambia kwa Kiiraqw, ili ajue sitanii, aende navyo Daa na asinirudishie hata nikimlilia. Akavipokea haraka mno.

Ijumaa usiku nililala vizuri. Jumamosi sikuwa mtu. Niligombana na kuku wa jirani. Maharage niliyatia chumvi, nikayatia tena, nikamlaumu mjukuu wangu. Nilitafuna tangawizi, nikatafuna karafuu, nikatafuna kijiti cha mswaki mpaka kikaisha. Nilifua nguo zangu zote, nikaoga, nikaosha nywele kwa sabuni ya mtoto, nikaoga tena. Kanga zangu za miaka yote maji yake yalitoka rangi ya chai.

"Bibi unaonaje?" mjukuu wangu akauliza kwa mbali.

"Ondoka hapo kabla sijakupa talaka."

Jumapili mkwe wangu wa Arusha akafika, amependeza, kilemba kama mnara. Tukasalimiana vizuri sana, kila mmoja akimtazama mwenzake mikono. Nikakaa mlangoni kwenye kigoda, nimevaa kanga ya kuazima ya mke mwenzangu ili kusiwe na maneno. Mke mwenzangu mwenyewe akaja kunikagua, kama askari wa getini kreta anavyokagua gari. Akanusa nywele. Akanusa vidole kimoja kimoja.

"Fungua mdomo, Bibi."

Nikafungua. Mtu mzima kama mimi.

"Karafuu," akasema. Akaniwekea mtoto mapajani.

Alikuwa mwepesi na wa moto, moto wake mwenyewe usiohitaji kioo. Nikaanza kuita. Nikamwita babu aliyefungua shamba la kwanza. Akalala. Nikamwita yule aliyejua kuita mvua. Akalala. Nikawaita wanaume wazuri, wakarimu, warefu, akawalalia wote. Mkwe wangu akakohoa kidogo, akaanza kujiweka sawa kwenye kiti. Nikaogopa. Nikashuka kwenye majina ya pembeni, mpaka nikafika kwa mjomba mmoja ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kusinzia msibani na kukoroma. Nilipolitamka jina lake, mtoto akafumbua macho, akanitazama kabisa, akakojoa.

Akakojoa sana. Kanga ya kuazima ikalowa, na iliyo chini yake.

"Mkojo si chafya," akasema mkwe wangu.

"Wala si kicheko," akasema mjukuu wangu, msaliti.

"Bibi," akasema mke mwenzangu, anauma mdomo asicheke, "labda tumpe mama naye ajaribu la kwake."

Nikamvuta mtoto karibu zaidi na kifua changu, na hakuna aliyenizuia.

"Kwetu anayeamua ni aliyempakata," nikasema. "Na aliyelowa hapa ni mimi."