Kidole cha Sefania

Fundi cherehani yule hakuwa na ubao wala chaki. Darasa lake la watoto wa kanisani lilikuwa stoo, kati ya mabenchi mabovu na madebe ya rangi iliyokauka, na chombo chake cha kufundishia kilikuwa mkono wake wa kushoto. Vidole vitano, vitabu vitano vya Musa. Manabii wadogo je, kumi na wawili? Vidole vinne, kila kimoja pingili tatu, gumba likizigusa moja moja: Hosea, Yoeli, Amosi. Mtoto asiyejua hata kufunga kamba za viatu alifika Malaki bila kubabaika. Ndiyo maana wakamwita Bibi Pingili, naye akalipenda jina.

Miaka ishirini na sita hiyo. Halafu akaletwa mchungaji mpya, ambaye hakuwa mgeni hata kidogo. Utotoni, kamasi zake alizifuta Bibi mwenyewe mlemle stoo.

"Shikamoo, Bibi," alisema Ijumaa moja, amesimama mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

"Sikai. Kamati imesema walimu wa watoto wawe na cheti. Wewe sasa upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Mchungaji akaangalia saa. Kupumzishwa! Mtu anakunyang'anya kitu pekee unachokipenda, kisha anataka umshukuru kwa huruma yake.

Jumapili mwalimu mpya, binti mpole mwenye cheti, akasimamishwa mbele. Watoto walikaa benchi la kwanza. Mchungaji, kwa kunogesha shughuli, akajigamba kwamba hata yeye manabii wadogo anao kichwani, akaanza kuwataja. Mkono wa kushoto aliuficha nyuma ya mimbari, lakini Bibi Pingili alijua gumba liko wapi.

"Nahumu, Habakuki..."

Akakwama. Palepale! Tangu ana miaka sita alikuwa akikwama palepale, na Bibi akimwinulia kidole cha pete, basi anakumbuka. Macho ya mchungaji yakamtafuta kwenye mabenchi, yakampata.

Bibi akaificha mikono kwapani. Kwa mara ya kwanza maishani alimwacha mwanafunzi wake akwame, na wala hakujuta.

"Sefania!" akadakia mtoto wa benchi la kwanza, kidole cha pete juu, akamalizia mpaka Malaki.

Kanisa likacheka. Mchungaji akajifuta jasho, akawaonyesha waumini mwalimu mpya.

"Mmeona wenyewe! Jana kawafundisha saa moja tu, na matunda ya cheti haya hapa!"

Makofi yakarindima. Bibi Pingili alitaka kusimama aseme huyo ni wake, wote hao ni wake, hata huyo wa mimbarini. Mtoto akageuka kumtafuta, kidole bado juu, anasubiri kusifiwa kama kawaida.

Bibi akaitoa mikono kwapani, akapiga makofi pamoja nao. Mtoto hakuwa amekosea hata kitabu kimoja.