Faili Lisilo na Jina

Mimi hujisifu kwamba mambo ya simu nayajua kuliko ukoo wetu wote. Ndiyo maana bibi yangu wa Endagikot, tulipokwisha kumzika babu, alinikabidhi kiredio cha marehemu cha memori kadi nikamwekee nyimbo za kwaya kule Katesh, zipigwe kwenye ibada ya kumaliza msiba.

Nyimbo niliweka. Lakini safari ya kurudi ni ndefu, na mimi bila podikasti zangu nasinzia kama kuku mgonjwa. Kadi ilikuwa imejaa. Nikaichomeka kwenye simu nitafute cha kufuta, nikakuta faili moja halina jina. Nikasikiliza: upepo, kikohozi, mluzi, ng'ombe akilia kwa mbali. Nikasema redio imejirekodi yenyewe mfukoni. Nikafuta, nikaweka podikasti, nikacheka nayo njia nzima.

Ibadani kwaya ilitoka safi, kichwa kikanivimba. Kisha bibi akanigusa goti.

"Sasa weka ile ya babu yako akiita ng'ombe zake. Sauti yake nyingine hatuna."

Wazee wote walikuwa wameinamisha vichwa wakisubiri, basi nikabonyeza, eti huenda Mungu amenirudishia. Mtangazaji akalipuka:

"Shikamooni wazee! Vijana, mambo vipi?"

Bibi, ambaye masikio yake yamechoka, akaitikia taratibu, "Marahaba." Akangoja. Halafu akanigeukia.

"Mjukuu wangu, huyu ni nani? Babu yako yuko wapi?"