Breki za Lori kwenye Gari Jepesi

Mtaa mzima ulimwita Breki. Jina hilo alilipata kwenye karakana ya malori, alikofunga na kufungua breki tangu ujana mpaka mvi zikamtambaa kichwani. Jina zuri lina hatari yake: mtu akishalizoea, huanza kuliogopa.

Alipostaafu, wenzake walimkusanyikia uani wakampa zawadi: breki za nyuma za lori dogo alilolihudumia kuliko yote, zimesafishwa na kupakwa rangi nyeusi. Msimamizi akatoa hotuba, akasema breki hizo hazijamwangusha mtu hata siku moja. Breki akatokwa machozi mbele za watu. Akaapa kwamba atajiundia gari kwa mikono yake, na zawadi ile itakuwa ndani yake.

Aliliunda sebuleni. Alibomoa ukuta wa mbele akaweka mlango wa mabati, akagawa makochi, na fremu ya mabomba ya chuma ikakaa mahali pa meza ya kulia. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alihamia chumbani na cherehani yake, kati ya kitanda na kabati, akawa anashona magoti yakigusa godoro. Wateja wake walipimwa nguo wakiwa wamesimama kwenye ujia. Miaka ikapita hivyo. Hakulalamika mbele za watu. Alisema tu, "Mzee, siku gari hili likitoka, litoke na mimi."

Sasa siku ilikuwa imepangwa: Jumamosi, kwenda kwa mdogo wa mkewe, anayekaa chini ya mteremko mrefu unaoishia sokoni. Mdogo mtu alikwishawatangazia majirani zake wote.

Breki alikuwa amelijaribu gari mara nyingi, peke yake, kwenye barabara tupu nyuma ya ghala la mbao, na kila mara lilisimama kama limepigiliwa misumari. Kwa hiyo Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, alimwita shemeji yake aje kuonja. Shemeji huyo, kaka wa mkewe, alikuwa kinyozi, na kichwa kilichopita mikononi mwake kilitoka na nywele chache na habari nyingi.

Kinyozi alichungulia nyuma ya viti akaona mifuko miwili ya saruji.

"Shemeji, tunakwenda kutembea au kujenga?"

"Hiyo ni ya uzito."

"Uzito si mimi hapa?" Akaishusha yote miwili kabla hajaulizwa, akapanda mbele.

Walipofika kwenye ghala, gari likiwa limeshika mwendo, Breki alikanyaga. Magurudumu ya nyuma yakaganda kabla ya yale ya mbele. Mkia wa gari ukateleza pembeni, ukazunguka, ukataka kuwatangulia. Vumbi lilipotulia, mlango wa Breki ulikuwa umebanwa na ukuta wa ghala, na chini ya mlango wa kinyozi palikuwa na mtaro.

Hakuna aliyeweza kutoka mlangoni.

"Tumefika?" kinyozi aliuliza hatimaye. "Maana naona tumegeuka tunatazama nyumbani."

"Nyamaza kidogo."

"Nanyamaza, shemeji. Ila waliosema kinyozi hajinyoi walisahau kuongeza kwamba fundi breki hajisimamishi."

Breki hakucheka. Alishika usukani kwa mikono miwili, bega likigusa ukuta, na humo ndani, pasipo pa kukimbilia, akaliona kosa lake. Mazoea yana taabu. Maisha yake yote alirekebisha breki za magari yanayobeba mzigo nyuma, kwa sababu lori haliingizwi barabarani kwenda kutembea tupu. Mikono yake ilikuwa imepakia saruji kabla hajashika spana, bila kumuuliza, na majaribio yote aliyafanya nayo. Na kile chuma kilicho chini ya pedali, kinachogawa nguvu ya mguu kati ya mbele na nyuma, alikuwa amekielekeza nyuma, kama kwenye lori. Lakini gari jepesi likifungwa breki huinama mbele. Uzito wote huyakimbilia magurudumu ya mbele, ya nyuma yakabaki yanaelea. Hayo ya nyuma ndiyo yanayopaswa kupewa nguvu kidogo.

Kinyozi alitoka kupitia dirishani, akatumbukia mtaroni, akasukuma huku akitukana suruali yake. Breki akazungusha skrubu ya kile chuma kuelekea mbele mpaka ikagota. Wakajaribu tena, polepole zaidi. Nyuma paliteleza tena. Kidogo, lakini paliteleza. Hapakuwa na pengine pa kuizungusha.

Basi kilichobaki ni breki zenyewe. Zilikuwa kubwa mno kwa gari lile. Alilijua hilo tangu siku alipozifunga, kama mtu anavyojua kiatu kinambana huku akikisifia.

"Sikiliza," kinyozi alisema walipokuwa wakilirudisha gari sebuleni. "Jumamosi rudisha saruji yako nyuma, dada akae mbele. Nani atajua? Mimi? Mimi bubu."

"Wewe bubu?"

"Kwa siku moja, naweza."

Aibu ya maiti aijuaye ni mwoshaji, na waoshaji hapa walikuwa wawili tu. Breki alijua kwamba kwenye mteremko ule, wenye watu chini, mifuko ile ingesaidia kidogo tu. Alijua pia kwamba angeweza kusema itasaidia, na angeaminiwa, kwa sababu anaitwa Breki. Huu ndio mtego wa sifa: humfungulia mtu mlango wa kusema uongo, kisha humsukuma.

Mkewe alitoka chumbani. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge, na mkononi ana mto wa kiti alioushona kwa kitambaa kile kile. Alipenya kati ya gari na ukuta, akauweka mto kwenye kiti cha mbele, akaupigapiga mpaka ukakaa sawa.

"Jumamosi hatuendi," Breki alisema.

Kinyozi akatazama dari.

"Kwa nini?"

"Halisimami vizuri. Breki nilizofunga si za gari hili. Nilijua, nikazifunga."

"Zile za zawadi?"

"Zile."

Mkewe alikaa juu ya ule mto, mlango wa gari wazi, maana humo sebuleni hapakuwa na kiti kingine. Mbele yao kulikuwa na mlango wa mabati, umefungwa.

"Nitamwambia nini mdogo wangu?"

"Mwambie ni mimi."

"Watakucheka."

"Wameshaanza," alisema, akimwonyesha kinyozi kwa kidevu. Kinyozi hakucheka.

Breki aliingiza jeki chini ya gari, akalala chali kwenye sakafu, akashika nati ya kwanza. Miguu ya mkewe ilikuwa karibu na kichwa chake, imetulia.

"Ungeniambia nipande, ningepanda," alisema huko juu. "Nisingekuuliza hata swali moja."

Breki alisukuma spana. Nati haikutoka. Aliifunga mwenyewe, kwa nguvu zake zote.