Vitabu Vyenye Mikono

Siku ya soko la Ndanai, Bilhah Nyanchama alihakikisha amefika kabla ya wauza ugoro. Wazungu walikuwa wamehama mashamba ya Sotik, na vitu walivyoviacha kwa wapishi wao viliishia kwenye gunia la mzee Kipngetich: chupa, taa, kiatu cha mguu mmoja, vitabu. Wauza ugoro walivizoa vitabu kwa mikono miwili, wakavichana kufungia bidhaa yao. Bilhah alichagua. Alisoma hadi darasa la pili huko Kisii. Herufi alizijua, Kiingereza hapana. Kwa hiyo alitafuta vitabu vilivyochorwa mikono: mikono iliyoshika sindano, mikono inayosuka kikapu, mikono inayokunja pindo.

"Mama Kepher," Kipngetich alimtania kwa lafudhi yake ya Kikipsigis, "hii kitapu haina picha ya chakula. Utapika nini?"

"Nipe hiyo ya chini, mzee. Na uondoe mguu juu yake."

Kuku mmoja, kitabu kimoja. Kati ya mwaka 1964 na 1971 alipata kumi na tisa. Alivitunza katika sanduku la mbao la kusafirishia majani ya chai, ambalo mumewe Ombati, mchuma chai, alilileta nyumbani ili kuku watagie.

Vitabu vya kufuma sweta ndivyo alivyovipenda zaidi. Herufi mbili zilijirudia humo kila mstari: K na P. Miezi mitatu alilinganisha herufi hizo na mikono ya kwenye picha, akafuma, akafumua, mpaka siku moja ikamjia. K ni kawaida. P ni pindua. Alipofuata hivyo, sweta ilitoka sawasawa na ile ya kitabuni. Wanawake wa jirani walianza kuja, Wakisii kwa Wakipsigis, wakaketi barazani kwake na sindano zao huku wakiimba pamoja, "Kawaida, kawaida, pindua, pindua." Chepngeno, binti wa jirani, alijua kumaliza kola kabla ya mvua za mwaka kwisha.

Ndipo ilipotangazwa kwamba kituo kipya cha akina mama kinatafuta mwalimu wa ufumaji. Bilhah hakulala vizuri wiki nzima. Alitaka kuitwa mwalimu, na alitaka vitabu vyake viwe kwenye kabati lile la vioo aliloliona likiingizwa mlangoni.

Alivibeba vyote kumi na tisa kwa kikapu, pamoja na sweta yake nzuri kuliko zote. Mezani waliketi Rebeccah, kiongozi wa akina mama wa kanisa, na ofisa aitwaye Mogaka, kijana wa kwao Kisii. Bilhah alifarijika kumwona. Mogaka alifungua kitabu kimoja.

"Soma hapa, mama."

"K mbili, P mbili."

"K ni nini?"

"Kawaida."

"Na P?"

"Pindua, bwana ofisa."

Mogaka aliweka kalamu chini. "Kwani hiki kitabu ni cha lugha gani?"

"Yale maneno marefu ni Kiingereza. Lakini hizi za kazi ni Kiswahili. Memsahibu alimfupishia mpishi wake, ili naye aweze kufuata."

Rebeccah alificha uso kwa leso, mabega yakitikisika. Mogaka alimwita karani wa chumba cha pili. "Njoo usikie hii! Mama, rudia."

Bilhah alirudia. Alidhani hawakusikia vizuri. Karani naye akamwita mpiga chapa, na Bilhah akarudia tena, polepole zaidi, akionyesha herufi kwa kidole. Hapo ndipo alipoziona nyuso zao. "K ni knit, mama, na P ni purl," Rebeccah alisema akijifuta machozi ya kicheko, "Kiingereza kitupu!"

Sweta ilikuwa mezani. Hakuna aliyeigusa.

"Hivi vitabu vina majina ya wazungu ndani," Mogaka alisema alipopata pumzi. "Risiti iko wapi?"

"Mzee Kipngetich haandiki risiti."

"Basi vitabaki hapa. Shukuru siiti polisi."

Habari ilifika nyumbani kabla yake. "Mwalimu!" Ombati aliita kutoka kitini. "Nipe chai ya kawaida. Usiipindue!" Watoto walicheka kwa sababu baba alicheka.

Kazi ilipewa Tecla, msichana mwenye cheti. Mmoja mmoja, wanawake wa barazani walihamia kituoni, kwa kuwa huko kulikuwa na viti.

Baada ya miezi miwili Bilhah alikwenda huko na sweta ya Kepher, mwanawe wa kwanza, ambayo ufumaji wake ulikwama alipofika shingoni. Ukurasa wa shingo ulikuwa kabatini, nyuma ya kioo. Alisimama mlangoni.

"Naomba kuangalia kile cha kijivu, mwalimu. Dakika moja tu."

"Kinaitwaje?" Tecla aliuliza. "Nisomee jina lake nikupe."

Bilhah alikionyesha kwa kidole. Tecla aligeukia darasa. "Chepngeno, nasikia huyu ndiye aliyekufundisha?"

Chepngeno alikuwa amemaliza kola, laini na nyororo. Hakuinua macho.

"Hapana, mwalimu. Nilikuja hapa bila kujua kitu."

Bilhah aliiangalia kola ile, kitanzi kwa kitanzi, na hakuona kosa. Akawaaga wote kwa adabu, akaondoka.