Namba Iliyoandikwa Kwenye Fomu

Juzi, kwenye dirisha la maabara ya hospitali moja hapa Kigali, mama wa makamo alitoa mkobani kipande cha nta ya kuhifadhia vipimo kilichoviringishwa kwa leso. Ndani ya nta kulikuwa na kinyama kilichokatwa nyuma ya pua yake. Kansa ilishajulikana; sasa daktari alitaka kinyama kisomwe upya.

"Itaonyesha nini?" mama aliuliza.

"Tunaangalia kama askari wa mwili, zile chembe za kinga, wameingia kwenye uvimbe," mtaalamu wa maabara alijibu kutoka dirishani. "Wakiwa wengi, mara nyingi mgonjwa anaendelea vizuri. Wakiwa kidogo, hatari iko kubwa."

Mama akajishika shingoni palipovimba. "Majibu utapigia nani?"

Mtaalamu akatazama fomu. "Iko namba ya mzee."

Mumewe, aliyesimama nyuma yake, akainama. "Sikutaka upate presha, mama watoto."

Mama akaomba kalamu, akaikata namba ile, akaandika yake. Tarakimu zilisomeka vizuri.

Ningependa kumcheka huyo mume. Ila nilikuwa nyuma yao kwenye foleni, nimeshika fomu ya kaka yangu anayeumwa, na namba niliyoijaza ni yangu, si yake. Kalamu ilikuwa bado dirishani.